Mshono Chini ya Gari

Fundi cherehani mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Sindano, alilipenda gari kabla hajalifikia. Alikuwa bado kwenye geti la uwanja wa mnada, akisubiri mlinzi amalize kupekua mkoba wa mkewe, ndipo akaliona kule mbali, mwisho wa safu, limekaa peke yake. Rangi yake ilikuwa ya maziwa yaliyodondoshewa chai kidogo tu. Ukungu wa asubuhi ulikuwa haujanyanyuka. Magari mengine yote yalikuwa vivuli vilivyokunjamana, hili limevunjika pua, lile limelalia ubavu, lakini la rangi ya maziwa lilionekana zima, limetulia, kana kwamba limetangulia kufika na lilikuwa likiwasubiri wao.

"Usikimbie," mkewe alimwambia. "Halina miguu hilo."

"Nani kakimbia?"

"Macho yako."

Mkewe alikuwa fundi bodi, na jina alilopewa gerejini tangu usichana wake ni Nyundo. Bati ambalo mafundi wengine walilikatia tamaa, yeye alilipapasa, akaligonga kidogo huku na kidogo kule, huku akilisemesha kwa sauti ya chini, mpaka likarudi lilivyozaliwa. Walipooana, watani waliuliza sindano na nyundo watazaa nini, labda msumari. Wao walicheka na waliocheka, wakaendelea na maisha yao. Sasa jibu lilikuwa njiani. Mimba ilikuwa ya miezi minane, tumbo likimtangulia Nyundo kila alikokwenda, na muuguzi wa kliniki alikuwa amempiga marufuku kuinama, kubeba, kuchomelea vyuma na kuvuta harufu ya rangi. Nyundo alitii yote. Mdomo tu ndio haukupigwa marufuku.

Wazo la kununua gari lililopata ajali lilikuwa lake. Kliniki ilikuwa mbali, na mume wake alikuwa akisambaza sare za shule kwa baiskeli, mafurushi yakimzidi kimo. Gari zima hawakuliweza. Gari lililogongwa, alisema, ni gari zima lenye kazi ya ziada, na kazi hiyo ndiyo aliyoijua yeye. Tatizo lilikuwa moja tu: anayetaka kujua ukweli wa gari la mnada sharti aingie chini yake, na Nyundo kwa hali ile hata viatu vyake alivalishwa. Basi wakakubaliana kwamba Sindano atakuwa macho na yeye atakuwa akili. Sindano hakuona kwamba kwa makubaliano hayo alikuwa ametukanwa kidogo. Alikuwa mtu wa kuondoka akiwa amekaa. Wateja wake walizoea kumkuta mguu umesimama juu ya kikanyagio cha cherehani, kitambaa kimeishia nusu chini ya sindano, naye ametazama ukuta kwa tabasamu, na walijua kwamba ni lazima wamwite mara mbili ndipo arudi.

Siku ile ilikuwa ya ukaguzi, na mnada wenyewe ulikuwa kesho yake. Msimamizi wa uwanja, aliyekuwa amejikalia kwenye kiti kilichong'olewa kwenye gari fulani, chupa ya chai miguuni, aliwaeleza masharti bila kunyanyuka. Kutazama ruksa, kugusa ruksa, kufungua milango ruksa, kuwasha injini marufuku. Kila gari linauzwa kama lilivyo. Akalirudia hilo la mwisho, kama lilivyo, kisha akajimiminia chai.

Walipita katikati ya magari. Sindano hakuwahi kufika mahali kimya namna ile penye vitu vingi vilivyotengenezwa kupiga kelele. Nyasi zilikuwa zimeota ndani ya injini iliyokosa bonti. Ndege mdogo aliruka kutoka dirisha la basi dogo, akatua kwenye usukani wa gari jingine, akajisafisha manyoya. Vioo vilivyopasuka bila kuanguka vilikuwa vimeanza kushika mwanga, vikameta kila mahali kama maji yaliyokatazwa kumwagika. Sindano alipunguza mwendo. Angeweza kusimama pale mpaka adhuhuri, lakini Nyundo alimshika kiwiko.

Gari la rangi ya maziwa lilikuwa limeumia kona ya mbele kushoto. Taa ya upande huo haikuwepo, bampa lilikuwa limening'inia, na bonti lilikuwa limenyanyuka kidogo kama nyusi ya mtu aliyesikia habari asiyoiamini. Basi. Kwingine kote lilikuwa safi. Sindano alifungua mlango wa dereva akaingia. Ndani palinukia sabuni. Aliweka mikono kwenye usukani, na papo hapo akaondoka. Alimwona Nyundo kakaa nyuma na kifurushi cheupe mapajani, aliona lango la kliniki likifunguka lenyewe, aliona barabara ya kwao, ile yenye mashimo, imenyooka kama kitambaa kilichotoka kupigwa pasi. Mvua ilikuwa ikinyesha huko, na wao hawakulowa.

Aliamshwa na mlio wa pete. Nyundo alikuwa akizunguka gari polepole, akigonga bati kwa pete yake ya ndoa na kusikiliza. Mlango wa mbele ulijibu ti, ti. Mlango wa nyuma ukajibu ti, ti. Alipofika kwenye nguzo iliyo kati ya milango hiyo miwili, bati likajibu du, kwa sauti nzito ya mtu mwenye mafua. Akagonga tena. Du.

"Unasikia?" aliuliza.

Sindano alisema hasikii kitu. Alikuwa amesikia vizuri sana.

Nyundo akatazama vioo. Kila kioo cha gari kina maandishi madogo pembeni, alama ya kiwanda na mwaka, na vya mbele vilisema hivi, vya nyuma vikasema vile. Akamwambia mumewe avute mikanda ya usalama mpaka mwisho. Mkanda, alimweleza, ni mtu asiyejua kusema uongo: gari likiwahi kuzama, tope hubaki kule ndani ulikojikunja, na likigongwa watu wamo, uzi wake huvutika. Mikanda haikuwa na tope, lakini kitambulisho kilichoshonwa mwishoni mwa mkanda wa mbele kilionyesha mwaka mmoja, na cha mkanda wa nyuma mwaka mwingine. Huenda vioo vilibadilishwa, Sindano alisema. Huenda na mikanda. Watu hubadilisha vitu.

Nyundo hakubishana naye. Alichukua boksi lililobomolewa, akaliachia chini kando ya gari, akalisukuma kwa mguu.

"Ingia, baba. Uniambie unaona nini."

Sindano alikuwa amevaa shati lake zuri, alilojishonea mwenyewe kwa ajili ya siku ile. Alijilaza chali, akajisukuma kwa visigino, gari likampita usoni, kisha kifuani, na anga yote ikaondoka.

Kulikuwa na baridi huko, na harufu ya udongo uliolala. Alitarajia uchafu na mafuta, mabomba yaliyofungamana ovyo. Badala yake akakuta mpangilio. Tumbo la gari lilikuwa limetandazwa juu yake, pana, la kijivu, na kila mahali bati lilipokutana na bati palikuwa na vidoti vidogo vya kuchomelea, kimoja baada ya kingine, nafasi ileile, safu baada ya safu, mpaka gizani. Alinyoosha kidole akavifuata. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba magari hushonwa. Miaka yote ya ndoa alikuwa amemsikiliza mkewe akisema kuchomelea na kunyoosha, na hata siku moja hakujua kwamba kazi zao zilikuwa ni kazi moja.

"Nyundo," aliita, "kuna mishono huku."

"Ndivyo yalivyo." Sauti yake ilishukia kwenye bati, ikafika ikiwa imezunguka mahali. Alichokiona Sindano kwake ni miguu tu, iliyovimba ndani ya ndara, ikitafuta pa kukaa. "Ikoje?"

"Ya mashine. Safi kabisa. Aliyeishona hakuwa na haraka."

Akamsikia akicheka kule juu. Akaendelea kujisukuma, akimsimulia: hapa kuna bomba, hapa kuna waya, hapa kuna pindo limelazwa vizuri. Alikuwa na furaha ya mtu anayetembezwa katika nyumba atakayohamia. Kisha kidole chake kikafika mahali, chini ya viti vya mbele, ambapo vidoti viliisha.

Palipakwa kitu kizito cheusi, kama lami. Chini ya weusi ule kulikuwa na tuta. Alilifuata kushoto, likaendelea mpaka kwenye nguzo ile yenye mafua. Alilifuata kulia, likaendelea mpaka upande wa pili. Lilikwenda upana mzima wa gari, likipanda hapa na kushuka pale, kama mshono wa mtu anayeshona kwa kuibia macho ya mwenye nguo. Na upande wa pili wa tuta vidoti vilianza upya, lakini vilikuwa vidoti vingine, vikubwa zaidi, vyenye nafasi yake vyenyewe.

Sindano alijua anachokitazama. Aliwahi kuletewa kitambaa cha suti kilichouzwa kama kipande kimoja, kumbe ni viwili vilivyoungwa kwa ustadi na kufichwa ndani ya mkunjo. Alilala pale, mkono juu ya kovu, akapumua. Jua lilikuwa limeanza kupenya kati ya magurudumu, na vumbi lilielea ndani yake taratibu sana. Gari halikuwa limemkosea kitu. Lilikuwa limekaa tu juu yake, baridi, tulivu, zuri. Akawaza kwamba kama asingesema, hakuna ambaye angejua. Lingebaki gari lilelile la asubuhi.

"Mbona kimya?" miguu iliuliza.

"Napumzika."

"Umechoka na nini?"

Ndege yule, au mwenzake, alipita akirukaruka kando ya gurudumu, akamtazama kwa jicho moja, akaenda zake.

"Kuna mshono," alisema.

"Si umesema ipo mingi?"

"Huu ni wa mkono."

Miguu ikaacha kuhangaika. Nyundo akamwagiza akwangue weusi kwa sarafu, na Sindano akakwangua, na lami ikatoka kwa magamba, na chini yake kukaonekana chuma kilichoyeyushwa kwa pupa, na kutu imeshaanza kazi yake. Alipotoka, shati lake lilikuwa na doa jeusi begani. Nyundo alilitazama doa, kisha akamtazama usoni, akalainika.

Alimweleza kwa upole. Lile halikuwa gari. Zilikuwa nusu mbili, ya mbele ya gari moja lililogongwa nyuma na ya nyuma ya jingine lililogongwa mbele, zikakatwa, zikakutanishwa, zikapakwa rangi moja. Pigo hili la kona lilikuja baadaye, na hakuna aliyejishughulisha kutazama zaidi.

"Lakini linasimama," Sindano alisema. "Nguo yenye kiraka watu wanavaa miaka."

"Shati likichanika mtu anabaki na aibu. Hili likichanika litachanikia barabarani, sisi tukiwa ndani." Akaweka mkono juu ya tumbo bila kujua kwamba ameuweka. "Sote."

Sindano aliligusa gari kidogo kwenye paa, kama mtu anavyomgusa mgonjwa begani kabla ya kutoka wodini, wakaondoka.

Nyundo ndiye aliyeliona la pili, chini kabisa ya uwanja, karibu na ukuta wa mabati. Hakuna aliyekuwa akilitazama, na ilikuwa rahisi kujua kwa nini. Lilikuwa la rangi ya dawa ya kikohozi. Lilikuwa limegongwa nyuma vibaya, buti limeingia ndani kama mtu aliyevuta pumzi akasahau kuitoa, kioo cha nyuma hakipo, tangi la mafuta limebonyea. Viti vilikuwa vimechanika mpaka sponji inachungulia. Sindano alilionea huruma tu, basi. Lakini Nyundo alianza kulizunguka na pete yake, na likajibu ti, ti, ti mpaka mwisho. Milango minne ilifunga kwa mlio mmoja. Miaka ya mikanda ilikubaliana. Alichungulia nafasi kati ya mlango na mlango kwa jicho moja, akasema aliyeligonga alilikuta limesimama, na pigo lote liliishia kwenye buti, mbele haikufika hata habari.

"Macho yangu," alisema, na Sindano akalala tena chali.

Huko chini mishono ilikwenda bila kukatika, toka mwanzo mpaka pale bati lilipokunjika, na hata kwenye makunyanzi vidoti vilikuwa vimeshikilia. Alikuwa akimwambia hivyo alipogeuza shingo. Kutoka pale chini aliweza kuona uwanja mzima kwa usawa wa ardhi, magurudumu na nyasi, na mbali, kando ya gari la rangi ya maziwa, miguu ya watu wawili. Miguu ya mwanamume kijana, viatu vimepigwa rangi. Na miguu ya mwanamke mzee, yenye soksi nene, ikitembea kwa hatua fupifupi. Mlango ukafunguliwa. Miguu ya mzee ikapanda ndani, mmoja, kisha wa pili kwa kusaidiwa, ikapotea.

Aliwajua. Walikuwa wamesimama nyuma yao getini: kinyozi mmoja mwenye ndevu zilizochongwa kwa rula, na mama yake. Asubuhi ile aliona jinsi walivyolitazama gari lake, akawachukia kidogo kwa jambo hilo. Sasa wazo lilimjia, na lilimjia polepole, kwa utamu, kama mawazo yake yote. Wakilinunua lile, hawatakuwa na haja na hili. Kesho mnadani mkono mmoja utapungua. Hakuwa amewaambia lolote baya, wala asingewaambia. Kila gari linauzwa kama lilivyo.

Alitoka chini. Alijikung'uta. Alimsaidia mkewe kukaa kwenye ukingo wa kiti cha gari, akampa maji. Kisha akasema anarudi sasa hivi, akakata uwanja.

Bi mkubwa alikuwa amekaa kiti cha nyuma, mkoba mapajani, amefumba macho. Kwa jinsi alivyokaa, Sindano alijua alikokwenda. Alimwamkia, akamwita kinyozi pembeni, akamwambia. Kinyozi alimsikiliza mpaka mwisho, akipapasa ndevu.

"Kaka," alisema, "wewe ni fundi magari?"

"Mimi ni fundi cherehani."

Kinyozi akatabasamu. Hakuwa na ubaya, lakini alikuwa amewahi kufika minadani, na alijua kwamba mtu anayelisema vibaya gari aghalabu ndiye anayelitaka. Akamwambia hivyo, kwa adabu. Sindano alikubali kwamba ni kweli, alilitaka, na bado analitaka, na akamwonyesha doa la begani. Kisha, kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kueleza, akalitandika tena boksi.

Wakaingia wote wawili. Walilala bega kwa bega kwenye ule ubaridi, mmoja kwa shati lililokwisha haribika na mwingine kwa lililokuwa linaharibika, na Sindano akamshika kinyozi mkono, akaupeleka kwenye vidoti vya mbele, akavihesabu kwa kidole chake, kisha akauvusha tuta, akauweka kwenye vidoti vya nyuma. Kinyozi akakirudisha kidole kwenye tuta mwenyewe. Juu yao kiti kililia kidogo. Bi mkubwa alikuwa akijiweka vizuri. Walikuwa wakiisikia pumzi yake ndefu kupitia bati. Amelala, kinyozi alinong'ona. Wakabaki pale chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa kuwa kutoka kungekuwa ni kwenda kumwamsha.

Nyundo alipofika alimkuta msimamizi ameshaitwa na kinyozi, akamweleza ule mshono kama fundi. Msimamizi alimheshimu, alimfahamu tangu enzi za baba yake. Alisema yeye hulinda uwanja tu, halipangi gari wala hauzi, na kila mtu anakuja na macho yake.

Siku ya mnada uwanja ulijaa. Dalali alipanda nyuma ya lori na kipaza sauti, na magari yaliyokuwa yamenyamaza jana yakawa yanaitwa moja baada ya jingine kama wanafunzi. La rangi ya maziwa lilipoitwa, mikono ilinyanyuka kila upande. Bei ilipanda, ikapanda tena, ikafika mahali ambapo Sindano asingelifikia hata lingekuwa la kipande kimoja. Lilichukuliwa na bwana mmoja aliyefika muda uleule, ambaye alilizunguka mara moja na kulipiga kofi la upendo kwenye bonti. Nyundo alipenya umati mpaka kwake, tumbo likimfungulia njia, akamweleza la kumweleza. Bwana yule alimsikiliza huku akitazama simu, akamwambia asante mama, nimekusikia. Kama alisikia, hawakujua. Vijana walianza kulisukuma kuelekea getini, na Sindano akalifuata kwa macho. Lilikuwa likiteleza bila sauti kati ya watu, jua kwenye paa lake, limebeba barabara iliyonyooka na mvua isiyolowesha, likienda nazo kwa mtu mwingine.

"Mkono!"

Nyundo alikuwa amemchoma ubavu kwa kiwiko. Dalali alikuwa amefika kwenye gari la rangi ya dawa ya kikohozi, tena alishaanza kulikatia tamaa. Muuza vipuri mmoja ndiye pekee aliyetaja bei, kwa sauti ya mtu anayepiga mwayo. Sindano akanyanyua mkono. Muuza vipuri akaongeza. Sindano akabaki na mkono hewani, kwa kuwa alisahau kuushusha, na dalali akauhesabu tena. Muuza vipuri aligeuka kumwangalia mtu huyu asiyetaka hata kupumzisha mkono, akajikuna kisogo, akapiga hesabu za milango na taa na injini kichwani mwake, akatikisa kichwa. Sindano alitazama nyuma. Kinyozi alikuwa pale pale, mama yake kamshika mkono, na mkono wake mwingine ulikuwa mfukoni. Dalali akagonga bati la lori kwa rungu, mambo yakaisha.

Walikabidhiwa ufunguo mmoja uliofungwa kwa kamba ya katani. Nyundo aliupokea, akaupima uzito kiganjani, machozi yakamlenga, akasingizia jua.

Kilichobaki ni kulitoa, maana uwanja haukulaza gari lililouzwa. Halikuwa na mafuta wala pa kuyaweka. Gari la kuvuta walilokuwa wameahidiwa na kaka wa Nyundo lilikuwa limekwama kwenye kazi nyingine. Hapo ndipo kinyozi alipokuja na pikapu aliyokuwa ameazima kwa ajili ya kuvutia gari atakalonunua. Hakuwa amenunua kitu. Mama amesema tungoje, alieleza, mama anasema haya mambo hayana haraka. Akatoa kamba mwenyewe, akaifunga mwenyewe, na alipoona Nyundo anaikagua kwa jicho la shaka akacheka, akasema, "Ikaze, shemeji, mimi najua nywele tu."

Swali likawa nani ashike usukani huku nyuma. Nyundo alijaribu, na tumbo likagusa usukani kabla mikono yake haijaufikia. Sindano alikuwa amejifunza kidogo, magari yakisukumwa ndani ya gereji, basi. Bi mkubwa alimtaka Nyundo apande naye mbele kwenye pikapu, mahali pa kustarehe. Nyundo akamshukuru sana, akasema breki zikiwa hazina injini huwa nzito, na huyu asipoambiwa wakati wa kukanyaga atafika nyumbani kabla ya pikapu. Akakaa kiti cha abiria, akafunga mkanda chini ya tumbo, akamwelekeza: kamba isilegee, isikatike, mguu usicheze.

Kamba ikanyooka. Gari likashtuka kidogo, kisha likaanza kwenda.

Hakukuwa na sauti. Sindano alisubiri mngurumo, na haukuja. Kulikuwa na mlio laini wa matairi tu, na upepo uliopita kutoka mbele hadi nyuma ambako hakukuwa na kioo. Geti likapita. Msimamizi akapita, akiwa amenyanyua kikombe. Kinyozi alichagua njia za ndani, zenye miti na kuta ndefu, na aliendesha taratibu kama mtu aliyebeba mayai. Maduka yalipita, mtu aliyekuwa akipaka rangi mlango, mbwa aliyelala ambaye hakuamka, kamba za nguo zilizoning'iniza mashuka mabichi yakijaa upepo. Watu walisikia pikapu, wakaitazama, kisha wakaliona gari jingine likija nyuma yake kimya, limevunjika, na mtu mwembamba mle ndani ameshika usukani kwa mikono miwili, na mazungumzo yao yakakatika.

"Breki," Nyundo alisema, na Sindano akakanyaga. "Achia." Akaachia. "Breki. Achia." Baadaye akaacha kusema. Sindano alipogeuka haraka kumtazama, alikuta amelala, kichwa kwenye mkanda, viganja vyote viwili vimefunika tumbo, na tumbo lenyewe likichezacheza chini ya viganja, mtu wa humo yu macho.

Akarudisha macho barabarani. Mguu ulikuwa kwenye breki, kamba ilikuwa imenyooka vizuri, na alishangaa kugundua kwamba hakuwa amekwenda mahali popote. Aliona kila kitu. Aliona mshono uliofumuka kwenye kiti alichokalia, akajua uzi atakaoutumia. Aliona kisogo cha bi mkubwa kwenye kioo cha pikapu, na kidole cha kinyozi kikimwonyesha mama yake kitu fulani kando ya njia. Kona ya mtaa wao ilikuwa inakaribia. Taa ya pikapu ikaanza kupepesa upande wa kulia. Sindano akavuta pumzi, akazungusha usukani pole pole, na gari likakubali.